Estill Hashikwi

Benchi letu liko mbele ya duka la Marvella, kati ya pampu ya petroli na jokofu la kuuzia barafu, na mtu akitaka kujua bei ya ndama, nani kaachwa na mkewe au kwa nini mvua imekataa, anakuja kukaa hapo. Kikombe cha kwanza cha kahawa unalipia, cha pili Marvella anakusamehe, cha tatu anakununia. Jumatano ile tulifika saa moja asubuhi, na saa nne tulikuwa bado hapohapo, kila mtu kafura kwa hasira. Estill Napier alikuwa na siku ya nne hospitalini mjini, mashine inampumulia, mapafu yamevimba kwa moshi wa Majani Matatu aliyoyachoma Jumamosi kule makaburini. Majani Matatu ni ule mtambaa unaopanda miti. Ukikugusa unajikuna wiki mbili nzima na malengelenge juu, na upupu kwake ni mzaha. Huku kwetu mtoto anafundishwa kuuogopa kabla hajafundishwa kusoma. Na Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa Jumapili ya Makaburi, siku ambayo watu wetu waliokwenda kutafuta kazi majimbo ya kaskazini, Ohio na Michigan, hurudi kuweka maua na kula pamoja. Hatukujua kama mwaka huu tutaweka maua tu, au tutachimba na kaburi.

Tulikuwa wanne. Jaji, jina lake Coy Hensley, aliwahi kuitwa mahakamani kuwa mmoja wa wale kumi na wawili wanaoamua kesi. Alikaa siku tatu, kesi ikafutwa, na tangu hapo hajaacha kuhukumu. Daktari ni Arlis Fugate, aliyekuwa akimshikia daktari wa mifugo mikia ya ng'ombe. Burl Stacy tunamwita Michigan, kwa kuwa alifanya kazi kiwanda cha magari huko miaka thelathini, akarudi, na hajaona bado kitu cha hapa kinachomshinda mwenzake wa kule. Mimi wananiita Redio. Sijui kwa nini.

JAJI: Nasema hivi, na iandikwe. Hili ni kosa la kaunti.

MICHIGAN: Kaunti tena?

JAJI: Kaunti! Nani alituletea yule dada wa kilimo na makaratasi yake? Kaja hapa Oktoba, kakaa kiti kile, kanywa kahawa yetu, akamwambia Estill kata mtambaa huku chini, halafu uuache ukaukie juu ya mti. Uuache! Sasa ona.

DAKTARI: Estill si alikata?

JAJI: Alikata.

DAKTARI: Na ukakauka?

JAJI: Ukakauka.

DAKTARI: Basi kosa la dada liko wapi hapo?

JAJI: Mwenye macho haambiwi tazama.

Sote tukatikisa vichwa, ingawa methali ile sikuona inaingilia wapi.

Ukweli ni kwamba Estill alifanya kila alichoambiwa. Katikati ya makaburi yetu kuna mwerezi mkubwa, na mtambaa ulikuwa umeukumbatia miaka mingi, mnene kama mkono wa mtu, una manyoya mekundu. Oktoba Estill alivaa glavu za kufika kwenye viwiko na shati la mikono mirefu. Akaukata kwa msumeno sehemu mbili, chini karibu na udongo na juu usawa wa goti, akatoa kile kipande cha kati, na kisiki akakipaka dawa ya kuua magugu kwa brashi papo hapo kabla utomvu haujakauka. Hakuvuta chochote kutoka juu. Akaosha msumeno, akajiosha mwenyewe kwa sabuni ya vyombo na maji baridi, nguo akazifua peke yake. Sisi tulikuwa tumekaa kwenye mawe tukimcheka. Estill na glavu! Estill ambaye tangu utoto anang'oa Majani Matatu kwa mikono mitupu kama anang'oa karoti!

MICHIGAN: Mimi siilaumu kaunti. Nalaumu watu wa Ohio.

REDIO: Wamefanya nini tena maskini?

MICHIGAN: Maskini? Wewe Redio, betri zimekwisha nini? Kila mwaka wanakuja na magari yao meupe, wanatembea makaburini kama wakaguzi. Jiwe la bibi limeinama. Nyasi hazikukatwa. Mwaka jana binamu yangu wa Dayton kasimama chini ya mwerezi akasema, huu mti una nywele kuliko mimi. Mbele za watu! Na mkononi kashika paja la kuku nililokaanga mimi.

REDIO: Ulikaanga wewe?

MICHIGAN: Alikaanga mke wangu. Lakini kuku ni wangu.

DAKTARI: Huko Michigan je, makaburini hayaoti?

MICHIGAN: Michigan hakuna Majani Matatu.

DAKTARI: Acha kamba zako. Mtoto wa dada yangu alishikwa hukohuko Michigan, akavimba uso mpaka hakumjua mama yake.

MICHIGAN: Hayo yalitoka Ohio. Ndege wanakula mbegu Ohio, wanakuja kunya kwetu. Ndege hajui mpaka wa jimbo.

JAJI: Hilo kidogo lina ushahidi.

DAKTARI: Nyote hamjui kitu. Sikilizeni mtu aliyesoma.

REDIO: Amesoma wapi?

DAKTARI: Nyuma ya ng'ombe nimejifunza mengi kuliko wewe shuleni. Haya. Mbuzi anakula Majani Matatu, anashikwa?

JAJI: Hashikwi.

DAKTARI: Na Estill kakulia maziwa ya nini?

JAJI: Ya mbuzi.

DAKTARI: Basi! Ndiyo maana alikuwa hashikwi. Maziwa yalimjengea ukuta. Sasa miaka miwili iliyopita wale madaktari wa moyo wa mjini wakamkataza maziwa, wakamkataza siagi, wakamkataza na mafuta ya nguruwe kwenye maharage. Ukuta ukabomoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta!

REDIO: Si ungesema amebomoa?

DAKTARI: Ndiyo hiyohiyo. Babu yangu alikuwa anakula jani moja la Majani Matatu kila Aprili, analikunja ndani ya mkate wa mahindi, anameza. Hakujikuna maisha yake yote.

REDIO: Babu yako alikufa na nini?

DAKTARI: Koo.

REDIO: Koo?

DAKTARI: Lilivimba. Lakini hakujikuna.

Jaji alivua kofia akajipepea. Hasira yake ilikuwa haijashiba, nikaona inatafuta pa kula zaidi.

JAJI: Tusizungukezunguke. Hii sumu imepandwa. Mnakumbuka ile kampuni iliyochimba makaa ya mawe mlima wa nyuma? Ilipomaliza si iliambiwa irudishe miti? Ikarusha mbegu kwa helikopta. Mbegu za nini? Nani alikagua? Mtu ukitaka watu wasipande mlimani kuona ulichokifanya, unapanda nini?

MICHIGAN: Majani Matatu.

JAJI: Majani Matatu! Babu zetu walikuwa na Majani Matatu membamba kama kamba ya kiatu. Haya ya sasa manene kama bomba la maji. Nimemaliza.

MICHIGAN: Kwa hiyo kampuni na Ohio wako pamoja.

JAJI: Ofisi yao ilikuwa wapi?

MICHIGAN: Usiniambie.

JAJI: Ohio.

Michigan alipiga benchi kwa ngumi mpaka kahawa ikamwagika. Nami nilipandwa na hasira, siwezi kusema uongo. Ilikuwa hasira tamu. Nilimwona Estill kitandani na mirija puani, na nilimwona mtu mnene wa Ohio ofisini amekunja miguu, nikatamani nimkabe.

REDIO: Ishtakiwe!

JAJI: Nani?

REDIO: Yeyote. Kampuni. Kaunti. Na ile kamati ya makaburi nayo, iliyoamua mtambaa ushushwe.

Hapo ndipo Marvella alipotoka na birika. Marvella ana miaka sabini, amezika waume wawili, na akisimama mlangoni na aproni yake hata mbwa wa jirani huacha kubweka.

MARVELLA: Kamati gani?

REDIO: Kamati ya makaburi, dada Marvella.

MARVELLA: Wajumbe wake nani?

Gari likapita barabarani, tukalisindikiza kwa macho hadi likapotea.

MARVELLA: Nauliza, wajumbe nani? Coy mwenyekiti. Arlis makamu. Burl ndiye mwenye ufunguo wa geti. Na wewe Redio unatangaza kanisani. Wa tano ni Estill, na Estill alisema mtambaa uachwe. Nilikuwepo, mlikaa hapahapa kupiga kura. Wanne kwa mmoja.

JAJI: Dada Marvella, ulikuwa unaning'inia juu ya makaburi kama mkia wa farasi aliyekufa. Watu wanakuja!

MARVELLA: Na ukianguka wenyewe baada ya miaka mitatu, nani angekufa? Bwana Napier mkubwa aliyelala pale chini tangu vita? Yule dada wa kilimo aliandika. Karatasi iko kaunta tangu Oktoba, mmeigeuza mkeka wa vikombe.

Akaingia, akarudi nayo. Ilikuwa na miduara ya kahawa kila mahali. Akaweka miwani akatusomea kwa sauti ile anayosomea majina ya wenye madeni. Usivute mtambaa kutoka juu ya mti. Usiukate kwa mashine ya kurusha vipande. Usiuchome kamwe, mbichi au mkavu, maana mafuta yake hubaki hata miaka baada ya kufa, na moshi huyabeba mpaka ndani ya kifua. Ukilazimika kuuondoa, utie kwenye mifuko ya plastiki au uufukie.

MICHIGAN: Lakini ulikuwa umekufa! Miezi saba! Kitu kilichokufa kitamuumaje mtu?

MARVELLA: Coy, mwoneshe kidole chako.

Jaji alificha mkono. Kila mtu hapa anajua kwamba Jaji aling'atwa na kichwa cha nyoka alichokuwa amekikata mwenyewe kwa jembe nusu saa kabla.

JAJI: Nyoka ni nyoka na mti ni mti. Samaki mkunje angali mbichi.

MARVELLA: Coy, ukisema methali nyingine nakumwagia hii kahawa.

DAKTARI: Sasa dada, tusionekane wabaya. Estill mwenyewe ndiye aliyewasha. Hatukumshika mkono.

MARVELLA: Nani alimwambia awashe?

DAKTARI: Hakuna aliyemwambia. Tulisema tu.

MARVELLA: Mlisemaje?

DAKTARI: Tulisema Estill hashikwi.

Na kweli tulisema. Tumesema hivyo miaka hamsini. Ukiwa na Majani Matatu kwenye ua, kwenye zizi, kwenye bomba la moshi, ulikuwa unampigia simu Estill. Anakuja na gari lake la buluu, anacheka, anang'oa, anakunywa glasi ya maziwa ya mtindi, anaondoka. Hakuna aliyewahi kumuuliza usiku ule alilalaje. Jumamosi, tulipokwisha kuushusha ule mtambaa kwa kamba na trekta la Michigan, ulilala pale chini rundo zima, refu kuliko gari la shule, na kila mtu alirudi nyuma hatua tatu. Kila mtu isipokuwa Estill. Mimi ndiye niliyefungua mdomo. Nilisema kama ninavyosema kila mwaka, kwa sauti ya matangazo, Estill hashikwi, mpeni kiberiti. Watu wakacheka. Estill akatazama rundo, akasema jamani, tungelifukia. Jaji akamwambia saa zinakwenda, kuku wanapoa. Basi akachukua reki.

MICHIGAN: Mtu mzima akikubali amekubali. Mtoto akililia wembe mpe.

MARVELLA: Alilia?

Michigan akapuliza kahawa ambayo ilikuwa imepoa saa nzima.

Wakati ule ndipo lile gari la buluu lilipoingia, na kwa sekunde moja, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani ni Estill. Alikuwa mkewe, Delphia. Delphia hajawahi kukaa kwenye benchi letu hata siku moja. Hupita, hutusalimu kwa kichwa, hununua mkate. Alikuwa na gauni lilelile la Jumapili, maana Jumapili alfajiri ndipo mumewe alipoamka hawezi kuvuta pumzi, na tangu hapo hakuwa amelala kwake. Alikuja kuwalisha kuku na kuchukua soksi za Estill. Tulisimama wote, kofia mikononi.

JAJI: Shemeji.

DELPHIA: Habari za asubuhi.

DAKTARI: Anaendeleaje mzee wetu?

DELPHIA: Wamemlaza usingizi wa dawa ili mashine ifanye kazi. Macho yamefumba kwa uvimbe. Ulimi umevimba. Wanasema leo au kesho watajua.

REDIO: Watajua nini, shemeji?

DELPHIA: Kama ataamka.

Marvella alimtilia kahawa kikombe cha karatasi, akamtilia na mikate midogo miwili laini yenye nyama kwenye mfuko, akamshika bega. Tungeishia hapo, labda lingekuwa jambo la heshima. Lakini benchi haliwezi kunyamaza.

JAJI: Shemeji, nataka ujue hatujalala. Tuko hapa tangu asubuhi tunatafuta haki ya Estill.

MICHIGAN: Tumegundua mengi, shemeji. Kuna kampuni. Kuna watu wa Ohio.

DAKTARI: Na wale madaktari waliomwachisha maziwa.

JAJI: Mambo ni mazito. Nitaandika barua kwa kaunti, kwa jimbo, mpaka kwa gavana ikibidi. Haiwezekani raia mwema aende kusafisha makaburi ya wazee wake aishie kwenye mashine. Haiwezekani! Inauma, shemeji. Inatuuma sote.

DELPHIA: Ahsante.

JAJI: Maana tulikuwa pale sote. Hilo nalo ulijue. Hakuachwa peke yake. Tangu saa mbili asubuhi mpaka moto ulipozimika, sote watano. Ingeweza kuwa mimi. Ingeweza kuwa Arlis. Moshi ule haukuchagua mtu.

Delphia alikuwa ameshafika kwenye gari. Aligeuka. Alimtazama Jaji shingoni, akamtazama Daktari mikononi, akamtazama Michigan usoni, na mimi akanitazama taratibu kuanzia kofia hadi viatu. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Alitutazama kama mtu anayetafuta kitu alichoambiwa kipo.

DELPHIA: Mbona basi hakuna hata mmoja wenu anayejikuna?

Jaji alifungua mdomo. Niliona ulimi wake umejiandaa, niliona methali inakuja, kisha nikaona imerudi ilikotoka. Daktari alianza kusema upepo, akasema upepo, shemeji, upepo ulikuwa... akaishia hapo. Kwa sababu ulikuwa unatoka mtoni, na sote tulijua unatoka mtoni. Tulipanga viti vyetu getini, upande wa mto, karibu na kuku, na Estill tukamwachia upande wa pili, ambako moshi ulikuwa unaelekea. Mara mbili upepo uligeuka ukatufuata. Mara zote mbili tulinyanyua viti, wote wanne kwa pamoja, bila mtu kuambiwa, tukahamia upande mwingine. Mimi nilibeba na sahani yangu. Hakuna aliyemwita Estill ahame, kwa kuwa Estill hashikwi.

Delphia alingoja. Mama wa watu alingoja kweli, mkono mmoja kwenye mlango wa gari, kahawa mkono wa pili, kama mtu anayeamini kwamba wanaume wanne waliokesha wakitafuta haki lazima wana jibu. Marvella naye alingoja, birika mkononi.

Kisha Delphia akasema hospitali wanamruhusu kuingia saa sita, akapanda gari la mumewe, akaondoka.